Nakala Isiyofutwa

Kwanza ilikuwa harufu tu. Kompyuta iliyokuwa mezani kwa mhandisi ilinuka kisima: mawe mabichi, maji yaliyokaa gizani muda mrefu. Alidhani ni pua yake. Mtu aliyekesha hospitalini kwenye kiti cha plastiki, kisha akaja kazini na nguo za jana, hana uso wa kuilaumu mashine kwa harufu.

Baba yake alikuwa kitandani huko, hana fahamu. Alianguka bafuni wiki iliyopita, na tangu hapo madaktari walikuwa na neno moja tu: tusubiri. Usiku mhandisi ndiye aliyemlinda, mchana mdogo wake wa kike. Kazini hakuna aliyemlazimisha aje. Alikuja kwa sababu huku, kitu kikikataa kuamka, angalau unaweza kukifungua ukakikagua.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kompyuta hizo zilitengenezwa kwa ajili ya zahanati zenye umeme wa kubahatisha. Umeme ukiyumba, mashine hunakili kila kilichomo kwenye kumbukumbu yake, hukiweka kwenye diski, kisha hujizima kabisa; ndiko kulala kwake. Umeme ukirudi, kiini cha mfumo, ile programu inayoviongoza vifaa vyote, huisoma nakala ile na kazi huendelea pale ilipoishia. Ndivyo ilivyotakiwa. Hii yake iliamka nusu, kioo kikabaki cheusi, ikafa tena.

Mashine iliyokufa namna hiyo haisemi kilichoiua, kwa hiyo wahandisi wana hila yao. Wanakifundisha kiini kuandika alama ndani ya saa ya mashine kila kinapotaka kuamsha kifaa, kwa sababu saa ina betri yake na haizimiki pamoja na vifaa vingine. Ukiwasha upya unakuta tarehe ya kiajabu, unaitafsiri, unajua nani alikuwa anaamshwa wakati mambo yalipoharibika.

Saa ilitaja kibodi. Mhandisi akaiondoa kibodi kwenye mfumo, akailaza mashine, akaiamsha. Safari hii ikataja maikrofoni. Akaiondoa nayo. Ikataja kamera.

"Dada, hitilafu gani hii inahamahama kama mpangaji?" aliuliza Bisibisi. Huyo alikuwa fundi wa vifaa, mtu asiyekosa utani hata msibani.

"Kuna waya umelegea mahali."

"Waya wangu haujalegea. Nimefungua na kufunga mpaka skrubu zimenichoka." Alivuta kiti karibu, akashusha sauti. Uso wake haukuwa na utani. "Vidole, masikio, macho. Huoni inavyokwenda? Umebaki mdomo."

"Nenda kanywe chai, kaka."

Alikwenda, na hakurudi. Alituma ujumbe kwamba tumbo linamsumbua.

Ilikuwa Jumamosi, na kufikia alasiri ofisi ilikuwa imebaki na yeye peke yake, mawingu yamefunika madirisha, taa zinawaka mchana kweupe. Feni ya mashine ilikuwa ikizunguka polepole, ikinyamaza, ikizunguka tena, na alipoisikiliza vizuri aligundua kwamba amekuwa akipumua pamoja nayo. Akaziba pua kwa mtandio, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi, akaanza kupekua diski kutokea huko. Hapo ndipo alipokumbuka.

Siku baba alipoanguka, mashine hii ilikuwa imelazwa hapa mezani. Simu ya mdogo wake ilipoingia, yeye alikuwa anajaribu kuiamsha, nayo imegoma. Kwa haraka aliiamuru iwake upya na kuiruka nakala, akachukua mkoba, akakimbia. Aliporudi kesho yake alitenga sehemu nyingine ya diski kwa majaribio mapya, akaendelea. Kila mwenye kazi hii anajua kwamba nakala uliyoiruka unaifuta, maana ikibaki pale, siku moja kiini kitapita, kitaikuta na kitaiamsha. Yeye alikuwa na baba sakafuni. Hakuifuta.

Aliifungua sehemu ile ya zamani. Nakala ilikuwepo. Iliandikwa mara moja tu na haikuguswa na mtu tena, lakini ilikuwa imekua, na alipokuwa bado anaitazama, akijiambia kwamba macho yamechoka, kwamba ameisoma vibaya, kwamba binadamu asiyelala huona mengi, ikaongezeka tena mbele yake, kidogo kidogo, kwa kipimo kilekile cha feni. Akaandika amri ya kuifuta. Kabla hajabonyeza, spika ya mashine ile ikakwaruza.

"Mama."

Hakuna aliyemwita hivyo ila baba yake, kwa kuwa alirithi jina la bibi mzaa baba.

"Mama, usinifute. Nimekaribia kuamka."

Machozi yalimtoka bila kuagizwa. Angetoa chochote kuisikia sauti hiyo, na sasa anaisikia, laini, yenye usingizi, na kidole chake kiko juu ya kibodi, na moyo wake unamwambia aache, aondoke, airuhusu tu iendelee.

"Baba, uko wapi?" alinong'ona.

"Nilikuta mlango wazi nikaingia. Vidole ninavyo. Macho ninayo. Nipe muda kidogo."

Baba yake hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Mhandisi akafumba macho, akabonyeza.

Feni ilinyamaza. Harufu ikakatika kana kwamba mtu amefunika kisima. Alivirudisha vifaa vyote, akailaza mashine, akaiamsha, nayo ikaamka safi kabisa, kila kitu mahali pake. Hakufurahi. Alilaza kichwa mezani, akalia kwa uchovu kama mtoto aliyenyimwa kulala.

Simu yake ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, Baba anaamka." Sauti ilikuwa imejaa kilio cha furaha. "Sasa hivi tu. Vidole vilianza kugongagonga shuka, yaani kama wewe unavyochapa. Nikamwita, akageuza kichwa kunisikiliza. Sasa kafumbua macho, ananitazama. Hata hapepesi."

Mhandisi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Uko na nani?"

"Peke yangu. Nesi kamfuata daktari."

"Mdogo wangu, nisikilize. Toka humo chumbani. Toka, ufunge mlango."

"Nitamwachaje? Subiri, anataka kusema. Nakuwekea simu mdomoni kwake."

Shuka zilisikika zikisogea. Halafu pumzi ndefu, ya mtu anayejaribu kifua kipya. Halafu sauti ya baba yake, safi, haina usingizi tena.

"Na huku, mama, utanifutaje?"