Nukta ya Kifuatamacho

Kifuatamacho kilikuwa utepe mwembamba wa kuvaa kwenye paji la uso. Aliyeuvaa akikutazama, uso wako ulitokea kwenye skrini kama yeye anavyouona, na nukta nyekundu ikaonyesha kila mahali macho yake yalipotua.

Bi Hidaya alivishwa utepe huo saa nne asubuhi, katika wodi ya vijana ya hospitali ya akili, akiwa amechoka hoi. Binti yake Zamda, wa miaka kumi na sita, alikuwa amelazwa mwezi wa tatu sasa kwa kuamini kwamba taya lake limepinda. Halikupinda hata kidogo. Lakini mtoto aliacha shule, akaacha kula mbele za watu, na sasa alikuwa anang'ang'ania afanyiwe upasuaji, akatwe mfupa wa taya.

"Ubongo wake unauona uso vipande vipande," alieleza Daktari Msechu. "Akishuhudia kwamba wewe unauona wote kwa pamoja, huenda akaanza kutuamini. Mtazame tu, mama, kama kawaida yako."

Kama kawaida yake! Bi Hidaya akatazama. Nukta ikaruka moja kwa moja hadi kwenye taya, ikatulia. Akajikaza kuipeleka machoni. Ikaenda, ikarudi pale pale.

"Si unaona?" Zamda alisema. "Hata wewe, mama."

Bi Hidaya alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha uchovu ukaishinda aibu.

"Miaka miwili, Zamda! 'Mama, taya limenyooka?' Niko jikoni, niko kwenye swala, mpaka chooni unanigongea. Nitazame wapi tena? Macho haya umeyafundisha mwenyewe."

Daktari alinyoosha mkono azime mtambo. Zamda akamzuia. Alimvua mama yake utepe, akauvaa yeye, akamgeukia.

Kwenye skrini nukta ilianzia kwenye taya la Bi Hidaya, ikalipima kushoto na kulia, maana Zamda hakuacha taya la mtu yeyote. Halafu ikapanda polepole hadi chini ya macho, penye mifuko miwili myeusi. Ikabaki hapo.

"Mama, kwani hulali?"

"Silali, mwanangu."

"Tangu lini?"

Bi Hidaya alizoea kumpoza kwa uongo mdogo mdogo. Leo hakuwa na nguvu hiyo.

"Tangu ulipoanza kuniuliza."

Zamda alifungua mdomo, na mama yake akajiandaa kwa swali lile lile. Halikuja.

"Lala hapo kitandani kwangu kidogo," mtoto alisema. "Sitakuamsha."