Waya Mwekundu wa Gari la Pihla

Theluji ya kwanza iliangukia Rovaniemi usiku wa kuamkia Jumatatu, na kufikia saa tatu asubuhi nusu ya mji ilikuwa imejipanga mbele ya karakana ya matairi. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Watu wanajua theluji itakuja kama wanavyojua majina ya watoto wao, na bado wanasubiri iwadondokee puani ndipo wakumbuke matairi.

Katikati ya foleni hiyo likaingia gari jekundu la milango miwili, fupi, la chini, linang'aa kama pipi iliyolambwa. Halikuingia kwa kuendeshwa. Liliingia kwa kuteleza ubavu, polepole, kwa adabu zote, mpaka likaegemea lundo la theluji mlangoni na kunyamaza.

Wanaume wa foleni na mafundi wakaangua kicheko. Akashuka dada mwenye koti la sufi la kijani, nywele za rangi ya majani makavu zimefungwa nyuma, mashavu mekundu kwa baridi na aibu.

"Karibu," alisema fundi mmoja mrefu aliyevaa ovaroli la rangi ya chungwa. "Umekuja kubadilisha matairi au kuegesha?"

"Vyote viwili," dada akajibu. "Unaona kuegesha nimeshamaliza."

Fundi akacheka. Jina lake Jarkko, na macho yake yalikuwa ya kijivu kama mto siku ya mawingu. Alilizunguka gari, akachungulia chini, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, hili si gari. Hiki ni kiatu cha kuchezea muziki. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, tumbo linaburuza, injini haijawahi kuonja hata baridi ya friji. Liuze, ununue gari la watu wazima."

"Lilikuwa la baba yangu. Alilitunza kule kusini miaka ishirini, akaliita Mrembo, hakulionyesha theluji hata siku moja. Amefariki mwezi wa sita. Siuzi."

Kicheko kikafa foleni nzima. Jarkko akavua kofia.

"Pole sana. Sasa Mrembo anatakiwa akupeleke wapi?"

"Kazini. Naitwa Pihla. Desemba mosi naanza kuhudumia wazee majumbani, kuanzia hapa mjini mpaka kijijini Sinettä. Majaribio ni miezi mitatu, gari ni la kwako mwenyewe, na saa moja kamili asubuhi uwe mlangoni kwa mgonjwa wa kwanza. Ukishindwa, nafasi anapewa mwingine. Nimesoma masomo ya jioni miaka minne kwa ajili ya kazi hii, kaka. Sina gari jingine."

Jarkko akalipigapiga gari bodi kama mtu anayebembeleza farasi.

"Jumamosi lilete kwenye banda langu, ng'ambo ya daraja. Tutalivisha."

Wakalivisha kweli, Jumamosi baada ya Jumamosi. Lilipata matairi membamba yenye vyuma vya kung'ata barafu. Jarkko akamwaga oili ya zamani, nzito kama asali, akaweka nyepesi isiyogoma kwenye baridi. Akabadilisha maji ya rejeta, akayachanganya na dawa yasigande hata nyuzi arobaini na tano chini ya sifuri. Akafunga betri kubwa kuliko ile ya mwanzo, na ubavuni mwa injini akaweka kipashio cha umeme cha kuipasha moto usiku, plagi yake ikichungulia kwenye bampa. Pihla alipaka mafuta raba za milango zisigande, mikono yake ikanukia kama kiwanda.

"Mifuko hii ya mchanga ya nini?" aliuliza.

"Buti jepesi, mpenzi. Mrembo wako ana kiuno lakini hana makalio. Bila uzito huku nyuma atacheza kila kona."

"Umesema 'mpenzi' au nimesikia vibaya?"

"Nilikuwa naongea na gari."

"Haya. Liambie gari kwamba mwenyewe naye amesikia."

Jarkko akageuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Ziwa lilipoganda vizuri, akampeleka kwenye barafu kumfundisha kuteleza. "Likienda kushoto, wewe tazama unakotaka kwenda, mikono itafuata. Usikanyage breki! Na ukiegesha, sahau hendibreki, itaganda mpaka pasaka." Mrembo akazunguka kama pia, mara tatu, Pihla akipiga kelele za furaha. Walipotulia, vioo vimeota ukungu wa pumzi zao, Jarkko akambusu, na pua zote mbili zilikuwa za baridi.

"Mwaka ujao una siku ya nyongeza," alimnong'oneza. "Unajua wanawake wanaruhusiwa nini tarehe ishirini na tisa Februari?"

"Kuposa. Na mwanamume akikataa, anamnunulia mwanamke kitambaa cha sketi."

"Mimi nasema tu."

"Nina sketi za kutosha, bwana. Twende nyumbani."

Krismasi Pihla alimfumia glavu za sufi, kijivu zenye mstari mwekundu. Naye Jarkko alikuwa na wosia mmoja: "Waya wa kuunganisha gari na nguzo ya umeme, nunua wa raba, mweusi, mnene. Sitaki mapambo." Pihla aliitikia. Lakini dukani aliuona waya mwembamba wa plastiki, mwekundu, rangi ya Mrembo kabisa, na moyo ukamwambia waya ni waya.

Kila jioni akawa anauchomeka kwenye nguzo yenye soketi uwanjani pa maegesho, anategesha saa ya kipashio kuwaka, na kila asubuhi Mrembo anaamka kwa ufunguo mmoja. Hakuchelewa hata siku moja. Wazee walimzoea, kule Sinettä mmoja alimwekea kahawa na mkate mtamu wa iliki dirishani, apashe moto vidole.

Jumapili ya mwisho ya Februari, baridi ikizidi kuuma, Jarkko akasema neno baya.

"Kuna mtu wa Oulu anamtaka Mrembo. Anatoa bei nzuri. Mimi naiogopa barabara ya Sinettä, Pihla. Silali."

"Unaniogopea mimi au unaona haya kuonekana na kiatu cha kuchezea muziki?"

"Usinigeuzie maneno."

"Na wewe usimuuze baba yangu."

Wakaagana bila busu.

Jumatano, tarehe ishirini na nane, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipimajoto kilisoma thelathini na tisa chini ya sifuri. Pihla alishuka na taa ya kichwani, pumzi zikimgandia kwenye kope. Akazungusha ufunguo. Mrembo akatoa sauti ya mtu anayefungua mlango wa mbao uliovimba, kisha kimya. Akatazama nguzo. Waya haukuwepo. Umechomolewa, umeondoka! Na chini ya nguzo, juu ya theluji, glavu moja ya kijivu yenye mstari mwekundu.

Aliiokota. Moyo wake ukaganda kuliko injini.

Teksi ilikawia. Alifika kwa mgonjwa wake saa mbili kasoro dakika kumi, na bosi akampigia simu.

"Pihla, mzee wa watu amekaa na njaa na dawa hajapata. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya majaribio yako. Ukichelewa tena, nisaini nini mimi?"

"Sitachelewa, bosi."

Simu ya Jarkko iliingia saa tatu. Akaikata. Saa nne, akaikata. Saa tano aliipokea ili amwambie neno moja.

"Pihla, sikiliza, ule waya..."

"Umeshinda, Jarkko. Mpigie mtu wako wa Oulu." Akakata, akalia ndani ya skafu yake.

Alasiri, akirudi nyumbani, jirani yake bibi Hilkka alimsubiri mlangoni na mfuko mzito.

"Yule fundi wako ameniachia huu. Mtoto wa watu karibu afe kwa baridi."

"Alistahili, bibi."

"Nyamaza kwanza. Mimi naamka saa kumi na moja, nanywa kahawa dirishani. Nimemwona alfajiri amekuja kukagua gari lako. Waya ulikuwa unatoa cheche kama fataki! Akauchomoa mbiombio, akakimbilia bandani kwake kuleta mwingine. Huko, anasema, kigari chake kikagoma kuwaka, simu nayo ikazimika kwa baridi. Akarudi kwa miguu, daraja zima, waya begani, glavu moja. Alipofika, wewe umeshaondoka."

Pihla akafungua mfuko. Juu kulikuwa na waya mpya, wa raba, mweusi, mnene. Chini kulikuwa na ule mwekundu, plastiki yake imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, mahali pamoja imeungua kabisa. Plastiki haiwezi baridi ya huku. Alikuwa ameambiwa.

"Fundi mzima, gari lake lenyewe likagoma!" bibi Hilkka akacheka. Pihla naye akacheka, machozi yakimtoka.

Alimpigia Jarkko mara sita. Simu haikupokelewa.

Alhamisi, baridi ni ile ile. Waya mweusi ulikuwa umelala kwenye theluji bila hata ufa. Pihla alizungusha ufunguo, na Mrembo akanguruma mara moja, sauti nene ya furaha iliyowatoa majirani madirishani. "Asante, baba," alisema. Saa moja kasoro dakika tano alikuwa anabisha hodi kwa mgonjwa wa kwanza. Saa sita mchana bosi alisaini mkataba, na saa sita na nusu gari jekundu liliingia karakana ya matairi kwa kuteleza ubavu, safari hii kwa makusudi, likasimama sentimita chache kutoka kwenye lundo la theluji.

Mafundi walikuwa mezani kwenye kahawa. Jarkko alikaa pembeni, vidole vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji kwa kuunguzwa na baridi.

"Kwa nini hupokei simu?" Pihla aliuliza.

"Ulisema nimpigie mtu wa Oulu. Nilikuwa naongea naye."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba Mrembo hauzwi. Nimemwambia mara sita, haelewi."

Mafundi wakacheka kwenye vikombe. Pihla hakucheka. Akaenda akasimama mbele ya Jarkko.

"Nilinunua waya kwa kufuata rangi. Nikakuhukumu kwa glavu moja. Nisamehe. Leo tarehe ngapi, Jarkko?"

Vikombe vyote vikatua mezani. Jarkko akasimama polepole.

"Ishirini na tisa."

"Basi nimekuja kukuposa, mbele ya wenzako hawa walionicheka. Na ukikataa nataka kitambaa cha sketi, mita mbili, kizuri."

"Mimi kitambaa?" Jarkko alisema. "Sijui kuchagua kitambaa hata kidogo. Itabidi nikubali."

Karakana ikalipuka kwa vifijo; fundi mzee akagonga rimu kwa spana kama kengele ya kanisa. Nje, Mrembo alikuwa bado ananguruma, maana hakuna mwenye akili anayezima gari kwenye baridi ile. Pihla akatoa mfukoni ile glavu ya kijivu, akaushika mkono wenye bandeji, akamvisha kidole kimoja kimoja, taratibu, kama watu wanavyovishana pete.