Kidole cha Vénantie

Siku ya soko Masisi hapapitiki. Pikipiki yenye mitungi ya maziwa ilimpita Vénantie puu! ikamrushia matope kwenye kitenge chake kipya cha manjano. Abiria akaruka chini kuomba radhi: kijana mrefu, shati jeupe, meno meupe kulishinda.

"Pole sana, dada. Ni miye Élysée, natoka Walikale. Nakuja kuanza kazi kwenye kiwanda ya fromaji."

"Mutu wa pori na maziwa ya ngombe? Aya, tutaona!" Vénantie akacheka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa jibini pale kiwandani.

Basi, mapenzi yakashika. Mchana walikula maharage sahani moja, jioni ni simu tu.

"Chérie, umefika?"

"Nimefika, mupenzi. Kata basi!"

"Kata weye kwanza."

Lakini jambo moja Vénantie hakumpa hata yeye: namna ya kujua kama maziwa yameganda sawasawa, tayari kukatwa. Aliwageuzia wenzake mgongo, akatia kidole, akasema tu, "Sasa." Loo, uchoyo gani huo! Aliogopa. Wakijua wote, nani atamhitaji tena?

Siku moja akamsikia Élysée akimwambia kaka yake kwenye simu: "Nikisha kujua vyote, narudia Walikale." Moyo ukampasuka. Kumbe alipendwa kwa ajili ya kidole! Kesho yake hakwenda kazini.

Asubuhi hiyo simu ikalia; ni Élysée.

"Vénantie, maziwa iko mu sufuria na hakuna mwenye anajua saa ya kukata! Ya kilima muzima itaharibika!"

Akawafikiria akina mama walioamka na baridi kukamua. Hasira zikamshinda kuzibeba.

"Weka sauti kubwa, wote wasikie. Ingiza kidole, inua polepole. Ikipasuka safi, njo saa ya kukata."

"Inapasuka safi!" Vigelegele vikajaa simu.

"Aya. Sasa umejua vyote, Élysée. Rudia kwenu!" Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Vyote gani? Ah! Vintu vyote vya dote, vya mahari, mama! Kwetu tunapeleka mbuzi, kwenu ni ngombe. Nilitaka kujua, nirudie kuita wazazi. Vénantie, utakubali nikuowe?"

Vénantie alitupa simu mkobani, akatoka mbio hadi barabarani, akasimamisha pikipiki. Simu hakuikata. Kiwanda kizima kikamsikia: "Papa, endesha mbio! Bwana yangu ananingoja."