Kofia ya Nyuma

Jirani yangu mpeleka vifurushi anaishi peke yake, na hajawahi kumpakia mtu kwenye pikipiki yake. Mwalimu wake wa udereva alimwonya: "Kaka, breki zako zitaua mtu! Ukipakia abiria, kofia yake ngumu isigonge yako unapofunga breki."

Basi jioni akaenda kufanya mazoezi kwenye barabara tupu. Akafunga breki. Ko! Kitu kikamgonga kofia kisogoni. Akageuka: kiti kitupu, na giza linaingia.

Akafunga taratibu zaidi. Ko, kidogo tu.

"Pole," akajikuta anasema.

Akarudia na kurudia mpaka ule mlio ukakoma. Nyumbani akazima injini. Kabla hajashuka, pikipiki ikainuka nyuma polepole, kama inavyoinuka abiria anapoteremka.