Mutheu na Kipimo cha Sukari

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mutheu alikuwa na kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine: kumpima nyanya yake sukari. Nyanya Mumbe alikuwa akiketi kwenye kigoda jikoni, ananyoosha kidole, kisha anageuza uso ili asione sindano. Mutheu alimdunga kidogo, akaweka tone la damu kwenye kijikaratasi cha kupimia, nao wakangoja.

"Ngapi leo?" Nyanya huuliza.

"Sita nukta mbili."

"Haya, lete chai."

Kipimo hicho kilinunuliwa na mama yake Mutheu, aliyefanya kazi Taveta na kuja nyumbani Voi kila mwisho wa mwezi. Alimkabidhi Mutheu kwa kuwa macho ya Nyanya yalikuwa yamefifia.

Alhamisi moja kipimo kilizimika. Mutheu alikimbia dukani, akanunua betri na kuitia. Mara maneno ya Kiingereza aliyoshindwa kuyaelewa yakaanza kumwekamweka kwenye kioo. Kila alipobonyeza kitufe, lilikuja swali jingine. Saa za shule zilikuwa zinakwenda mbio. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza tena mpaka kipimo kikatulia. Akampima Nyanya haraka.

"Mia moja na kumi na sita," alisoma.

"Mia?" Nyanya alishika kifua. "Mutheu, umeharibu kitu?"

"Hapana, Nyanya. Nimebadilisha betri tu."

Jioni alikipeleka kwa mjomba wake Wambua, fundi wa simu karibu na stendi. Wambua hakuinua hata macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua.

"Kizime, ukiwashe."

"Nimeshafanya hivyo, mjomba."

"Toa betri, uirudishe."

Alipoirudisha, maswali yale yale yalimrudia, naye akabonyeza vile vile. Alipompima Nyanya tena nyumbani, namba ilikuwa bado zaidi ya mia. Alifungua kijitabu cha maelekezo, kikamwambia tatizo likiendelea apigie kampuni simu. Alipopiga, sauti ya mashine ilimwambia abonyeze moja, kisha mbili, kisha asubiri. Alisubiri akisikiliza muziki mpaka salio likaisha. Alitamani kukitupa kipimo chenyewe shimoni.

Jumamosi, jirani yao Mama Austin alikuja na simu yake mkononi. Alikuwa ameuliza kuhusu sukari ya Nyanya kwenye kundi lao la WhatsApp.

"Wanasema umeze dawa mara mbili, Nyanya, na usile chochote mpaka ishuke chini ya kumi," alisema. Alikuwa na nia njema kabisa. Nyanya, kwa hofu, akafanya hivyo.

Mutheu aliporudi kutoka kuteka maji, alimkuta Nyanya ameegemea ukuta, jasho likimtiririka, mikono ikitetemeka. Nyanya akamwita Mutheu kwa jina la mama yake. Mutheu akampima. Hamsini na nane.

"Inashuka!" Mama Austin alishangilia. "Asile bado."

Lakini Mutheu aliutazama uso wa Nyanya, akaona kwamba hali yake ilikuwa inazidi kuwa mbaya. Hakungoja. Alikimbia barabarani kumwita Obadiah, mwendesha bodaboda wa mtaa wao. Wakampakia Nyanya katikati, Mutheu nyuma akimkumbatia kwa nguvu zote, kipimo kikiwa mfukoni, vumbi jekundu likiwafuata hadi zahanati.

Muuguzi, Sista Jedidah, alimpima kwa kipimo chake.

"Tatu nukta mbili! Sukari haijapanda, imeshuka sana," alisema, na papo hapo akamnywesha Nyanya maji yenye sukari nyingi, kidogo kidogo.

Mutheu alisimama mlangoni akimtazama Nyanya. Baada ya muda Nyanya alipepesa macho, akamtafuta kwa mkono.

"Mutheu, nani amebaki na kuku wangu?"

Mutheu alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha Nyanya akamweleza Sista alivyomeza dawa mara mbili bila kula, kama watu wa WhatsApp walivyoshauri.

Sista Jedidah alikichukua kipimo cha Nyanya, akasoma namba za siku zilizopita zilizohifadhiwa ndani yake. "Kabla ya namba hizi kubwa kuanza, kuna mtu aliyebonyeza kitu?"

Mutheu aliinamisha kichwa. "Ni mimi, Sista. Kiliniuliza maswali nisiyoyaelewa, nikabonyeza tu ili kinyamaze. Nyanya aliponiuliza, nilimdanganya."

"Ahsante kwa kuniambia. Njoo uone." Sista alimwonyesha herufi ndogo pembeni mwa kioo. "Sukari ya damu hupimwa kwa njia mbili. Ni kama kamba ya mbuzi: ukiipima kwa mita utapata sita, ukiipima kwa futi utapata karibu ishirini, na kamba ni ile ile. Ulipobonyeza, ulihamisha kipimo kwenye njia ambayo hamjaizoea. Ile mia na kumi na sita ilikuwa sita na kitu, kama kawaida yenu."

"Kumbe nilikuwa mzima siku zote!" Nyanya alisema.

"Ulikuwa mzima mpaka ulipomeza dawa mara mbili na kukaa na njaa, Nyanya," Sista alijibu kwa upole.

Akamfundisha Mutheu kurekebisha kipimo, akamwachia akirekebishe mwenyewe mara mbili. Kisha wakampima Nyanya tena kwa vipimo vyote viwili. Tano nukta nane, na tano nukta nane. Mutheu alishusha pumzi ndefu.

"Kutoelewa mashine si kosa, mwanangu," Sista Jedidah alimwambia. "Hata mimi mashine mpya hunisumbua. Kosa ni kuficha ulichogusa, kwa sababu anayetaka kukusaidia anabaki akipapasa gizani. Sema mapema, na umwambie mtu anayeijua kazi hiyo. Na wewe Nyanya, dawa haibadilishwi kwa kusikia maneno ya kwenye simu. Njoo hapa kwanza."

"Nimesikia, Sista," Nyanya alisema, akimvuta mjukuu wake karibu. "Wote wawili tumesikia."