Nguzo Zisizotembea

Nyumba ya Chilewa iliinuka juu ya miguu minne ya chuma, ikajinyoosha, ikaanza kutembea. Maharage jikoni hayakumwagika hata tone. Ndivyo zilivyokuwa nyumba-tembezi za jiji la Milumba: Mratibu, akili-mashine iliyopanga mitaa, akiona upande mmoja umejaa, huamuru nyumba zihame, nazo huhama na watu wake ndani.

Chilewa alichungulia dirishani akipita. "Da Nyemo! Hicho choo au kaburi?"

"Kaburi la miguu yenu!" Nyemo, jirani yake, alijibu kutoka shimo alilokuwa akichimba.

Mama yake Nyemo alikuwa haoni. Zamani alihesabu hatua mlangoni hadi bombani, walikopiga soga wanawake. Nyumba yao ilipohamishwa mara ya tatu aliacha kuhesabu, akaacha na kutoka. Siku hizi alikaa kitandani, uso ukutani.

Ndiyo maana Nyemo alinunua sururu, ajenge nyumba isiyohama. Alichimba mashimo sita, mdomo mwembamba, tumbo pana, kama mtungi. Akasimamisha nondo, akamwaga zege mpaka nguzo zikafika magotini. Kila asubuhi alizifunika magunia mabichi, maana zege likikauka kwa pupa hupasuka.

Siku ya kumi akaja Mhamishi, mashine ya kung'oa, na sauti ya Mratibu kifuani mwake.

"Samahani, ndugu mkazi. Nguzo hizi hazina miguu."

"Hazina. Nimezinyima."

"Zitazuia mpango."

"Zing'oe basi. Misuli yote hiyo ya nini?"

Mhamishi akakumbatia nguzo ya kwanza, akavuta. Akavuta tena. Miguu yake ikazama udongoni, harufu ya oili iliyoungua ikatanda. Nguzo haikupepesuka.

Mratibu akamwamuru Mhamishi aachie. "Nilipima mdomo wa shimo. Sikupima tumbo."

"Hukuuliza."

"Nitaandika kwamba hapa pana mwamba. Mpango utapita kando."

"Andika."

Mvua za kwanza zilikuta paa la nyumba mpya limekwisha ezekwa. Nyemo alimshika mama mkono mpaka kizingitini, akamwachia. Mama alisimama. Akapapasa hewa. Kisha akaanza, moja, mbili, akihesabu kwa sauti kama anayegombana na mtu, hadi kiganja chake kikagusa bomba.

"Kumi na nane!" Akageuza uso kuelekea nyumbani. "Na kesho?"

"Kumi na nane, mama. Wakitaka, wahamishe jiji lao."