Mfungo wa Labib Kinyozi

Labib alikuwa kinyozi katika mji wa Mallawi nchini Misri, karibu na mto Nili. Duka lake lilikuwa chini na nyumba yake ilikuwa juu. Mkewe, Awatef, ambaye majirani walimwita Mama Ramzi kwa jina la mwanawe, akisimama ngazini alisikia mikasi, redio na vicheko vya wateja. Labib alipenda utani, na dukani kwake watu walicheka kutwa nzima.

Kwaresima Kuu ilipoanza, vicheko vilipungua.

Wakopti wa mtaa ule, Wakristo wa kanisa la kale la Misri, hufunga Kwaresima kwa kuacha nyama, mayai na maziwa. Wengine huacha pia kula na kunywa mpaka alasiri, na Labib alikuwa mmoja wao. Alikuwa shemasi wa kupiga matoazi na kuimba kanisani, na alijivunia mfungo wake. Lakini pia alikuwa mgonjwa wa kisukari. Kila asubuhi alimeza kidonge kwa funda moja la maji, kisha akateremka dukani na tumbo tupu.

"Hata hilo funda linavunja mfungo," alisema mama yake, Bibi Ratiba. "Marehemu baba yako alikuwa akimeza dawa kavu."

"Baba alikuwa na koo la ngamia, mama."

"Na wewe una koo la kifaranga!"

Siku moja, adhuhuri ikikaribia, Awatef alisikia kelele dukani.

"We Labib! Unaninyoa au unanichinja?"

Awatef alishuka mbio. Haji Subhi, muuza vitambaa, alikuwa amesimama katikati ya duka. Shavu moja lilikuwa safi, jingine limejaa povu la sabuni. Labib alikuwa ameshika wembe, na mkono wake ulitetemeka. Uso wake ulilowa jasho, ingawa siku ile haikuwa na joto.

"Kaa chini!" Labib alifoka. "Kama hunitaki, nenda kwa kinyozi mwingine. Wamejaa tele!"

Awatef alishangaa. Wawili hawa walikuwa marafiki tangu utoto. Mmoja akienda msikitini na mwingine kanisani, bado walikunywa chai pamoja kila jioni. Hakuwahi kumsikia mumewe akimfokea Haji.

Haji Subhi alijifuta povu taratibu. "Sikasiriki, ndugu yangu. Hili si jambo la hasira. Shemeji, mwangalie mumeo. Huyu anaumwa."

Juu nyumbani, Bibi Ratiba alikuwa na jibu tayari.

"Ni jicho la husuda! Jumapili watu walimsifia sauti yake mno. Leta ubani, Awatef."

Awatef alichoma ubani. Labib akakohoa, ndiyo faida pekee iliyopatikana. Saa tisa ilipofika, alikula kama mtu aliyetoka jangwani. Alimaliza mikate mitatu na bakuli la asali nyeusi ya miwa iliyochanganywa na ufuta. Akashushia na chai yenye sukari nyingi. Baadaye akalala kama gogo. Alipoamka alikunywa maji, akaenda chooni, akanywa tena.

Awatef alimtazama, na hofu ikamwingia. Asubuhi anatetemeka. Jioni ana kiu isiyoisha. Hilo si jicho la mtu.

Kanisani kwao kulikuwa na muuguzi aliyeitwa Evon. Watu walimwita Tasoni Evon, yaani dada yetu Evon. Siku nyingine alikuwa hospitali ya serikali. Ijumaa na Jumapili, baada ya misa, alikaa katika chumba kidogo karibu na lango la kanisa. Zamani chumba kile kilikuwa ghala la viti vibovu. Kasisi wao, ambaye wote walimwita Abuna Bemwa, yaani baba yetu Bemwa, ndiye aliyempa chumba hicho ili apime watu presha na sukari na kuwapa ushauri bila malipo. Wanawake walipanga foleni. Wanaume walipita wakitazama upande mwingine.

Kesho yake, Jumapili, Awatef aliingia humo, akafunga mlango.

"Tasoni, nina jirani yangu," alianza. "Ana kisukari. Anafunga mpaka saa tisa. Asubuhi anatetemeka na kutoka jasho."

"Na anameza dawa asubuhi?"

"Anameza."

"Na huyo jirani, jana alimfokea Haji Subhi?"

Awatef akaona haya, kisha akacheka. "Kumbe mtaa mzima unajua!"

"Haji ana mdomo mwepesi, lakini amesema kwa wema," alisema Evon. "Mama Ramzi, nisikilize. Sukari ya mumeo inashuka kupita kiasi. Ni jambo la hatari. Mwambie aje kwangu leo hii. Na kesho aende kwa daktari wake."

Lakini Labib aligoma.

"Mimi shemasi, nikapange foleni na akina mama? Na kesho Evon atawaambia wote kwamba Labib ameshindwa kufunga?"

"Evon hasemi siri za watu."

"Basi ukuta utasema. Niache, mwanamke. Nimefunga tangu utoto."

Ijumaa ilifika. Misa ya Kwaresima ilianza mchana. Awatef alikaa upande wa wanawake, pamoja na Bibi Ratiba. Mbele, mashemasi walisimama katika kanzu nyeupe. Labib alishika matoazi.

Mwanzoni alipiga vizuri. Kisha mapigo yakaanza kuchelewa. Waimbaji walimtazama. Toazi moja likamponyoka, likaanguka sakafuni na kuzunguka kwa mlio mrefu. Labib akapepesuka, akashika nguzo, akateleza chini.

"Mwanangu!" alipiga kelele Bibi Ratiba.

Tasoni Evon alifika kabla ya watu wote. Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa jasho.

"Fundi Labib, unanisikia? Unaitwa nani?"

"Mimi... mimi sitaki," alisema Labib kwa ulimi mzito.

Evon alimchoma kidole kwa sindano ndogo, akakitia kipimo tone la damu. Alitazama namba, akafungua chupa ya maji yenye sukari nyingi.

"Sukari iko chini sana. Kunywa hii. Sasa hivi."

Labib akafumba mdomo. Akageuza uso. "Sijapokea komunyo. Nimefunga. Sinywi."

"Kunywa, Baba Ramzi!" Awatef alilia. "Kunywa, nakuomba!"

Labib akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa myeupe. Watu walianza kuzozana. Mmoja alisema aachwe apumzike. Mwingine alisema aombewe kwanza.

Abuna Bemwa aliweka chetezo mkononi mwa shemasi mwingine, akaja. Alipiga magoti sakafuni karibu na Labib.

"Mwanangu, mimi ndiye baba yako wa kitubio?"

"Ndiyo, Abuna."

"Basi mfungo wako umeishia hapa leo, na dhambi hakuna. Utapokea komunyo siku nyingine ukiwa mzima. Kunywa."

Labib alifungua mdomo. Evon alimshikia chupa, akampa taratibu. Awatef alihesabu kila funda kwa pumzi zake mwenyewe.

Baada ya kama robo saa, Evon alipima tena. Sukari ilikuwa imepanda. Rangi ilirudi usoni mwa Labib. Alitazama umati uliomzunguka.

"Mbona mnanitazama hivi?" aliuliza. "Nimekufa?"

"Bado," alisema Evon. "Lakini ulikuwa umeshashika njia."

Alimpa mkate ale ili sukari isishuke tena. Kisha yeye na Awatef wakampeleka kwa daktari hospitalini siku ileile. Daktari alimpima, akaamua kubadilisha dawa yake na saa za kuimeza.

Kesho yake Tasoni Evon na Abuna Bemwa walikuja nyumbani. Awatef aliwaandalia chai na machungwa. Labib alikaa akitazama sakafu kama mtoto aliyevunja chungu.

"Tasoni," alisema hatimaye, "nielezee vizuri. Nimemeza dawa, na dawa ndiyo imeniangusha?"

"Kidonge chako cha zamani kazi yake ni kushusha sukari," alisema Evon. "Hakijui kama leo ni Kwaresima. Ukiwa umekula, kinashusha ile iliyozidi. Ukiwa hujala, kinashusha hata ile ambayo ubongo wako unaihitaji. Ndipo unatetemeka, unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, unafoka bila sababu."

"Basi ningeacha kidonge mpaka Pasaka."

"Hapana! Ukiacha dawa, sukari inapanda. Inaharibu macho, figo na miguu bila wewe kujua. Dawa haibadilishwi na mgonjwa. Inabadilishwa na daktari."

"Na ile asali nyeusi ya jioni?" aliuliza Awatef. "Baada ya kula anakuwa na kiu usiku kucha."

"Hiyo ndiyo inaipandisha ghafla. Mkate mwingi, asali na chai tamu kwa mkupuo mmoja ni mzigo mkubwa mno kwake."

Awatef aliuliza tena, "Na siku akizimia kabisa, asiweze kumeza?"

"Usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na mumpeleke hospitali haraka."

Bibi Ratiba aligonga fimbo sakafuni.

"Maneno mazuri. Lakini mwanangu akila asubuhi katika Kwaresima, mimi uso nitauweka wapi?"

Abuna Bemwa alitabasamu. "Pale pale ulipo, Bibi. Mama, ulipomnyonyesha Labib, ulifunga mpaka alasiri?"

Bibi Ratiba akakohoa. "Wakati ule kasisi alinikataza."

"Na mimi nakataza leo. Kanisa halijapata kumtaka mgonjwa ajiue kwa njaa. Labib ataacha nyama, mayai na maziwa kama sisi sote. Lakini atakula asubuhi, mchana na jioni. Kosa ni langu pia. Nilijua ana kisukari, na sikumuuliza anafunga vipi."

Labib aliinua kichwa. "Kwa hiyo bado nimo kwenye mfungo?"

"Umo," alisema Abuna. "Na kwako wewe, kula ndiyo utii."

Toka siku ile jiko la Awatef lilibadilika. Asubuhi alimwekea Labib bakuli dogo la maharage, nyanya, tango na kipande cha mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani. Mchana dengu na mboga za majani. Jioni chakula kidogo, na chungwa badala ya asali. Chai ilinywewa bila sukari. Siku ya kwanza Labib alisema inafanana na maji ya kuoshea brashi za kunyolea. Wiki iliyofuata alikunywa bila kulalamika. Mfukoni aliweka pipi chache kwa ajili ya siku ambayo mkono ungetetemeka.

Mwanzoni alikula nyuma ya pazia la duka. Aliogopa kuonekana. Haji Subhi alipita, akanusa maharage, akafunua pazia.

"Ahaa! Mfungaji mkuu!"

Labib alitaka kuficha bakuli. Haji akavuta kiti, akakaa.

"Kula, usione haya. Mwaka juzi na mimi daktari alinikataza kufunga Ramadhani kwa sababu ya figo. Nilijificha ghalani na biskuti kama mwizi. Imamu aliponiona akanicheka. Aliniambia, 'Mungu anakuona, unamficha nani?'"

Labib alicheka mpaka akashika mbavu. Awatef alimsikia kutoka ngazini, akasimama tu na ndoo mkononi, akisikiliza.

Pazia liliondolewa. Na kinyozi akiwa na habari, nani asiyeipata? Kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti alihadithiwa, huku wembe ukiwa shingoni na hawezi kukimbia. "Una kiu sana? Unakwenda chooni mara nyingi? Baba yako alikuwa na kisukari? Ijumaa nenda kwa Tasoni Evon." Fundi wa baiskeli alikwenda, akaambiwa presha yake ni nzuri. Mwalimu mmoja alikwenda, akagundua ana kisukari na hakuwahi kujua. Katika wiki za mwisho za Kwaresima, wanaume walipanga foleni mlangoni mwa kile chumba bila kutazama pembeni. Tasoni Evon aliomba kiti cha pili, kisha benchi.

Pasaka ilipokaribia, Labib alirudi kwa daktari. Vipimo vilionyesha sukari imetulia. Daktari alimwambia aendelee vivyo hivyo. Labib alirudi nyumbani akimkumbatia kila aliyekutana naye njiani, hata mtu mmoja ambaye kila mara alitaka kunyolewa bure.

Ijumaa iliyofuata, baada ya misa, Awatef alisikia mzozo kwenye foleni ya Tasoni Evon. Mtu alikuwa akiwapita wenzake kwa kuwasukuma kwa fimbo.

"Pisheni! Mimi ni mzee, na shemasi Labib ni mwanangu!"

Bibi Ratiba aliketi mbele ya Evon, akakunja mkono wa gauni lake jeusi. "Pima," alisema. "Si kwamba naumwa. Nataka tu kuona kama mashine yako inafanya kazi."

Evon alipima presha. Akapima tena. "Mashine inafanya kazi, Bibi. Presha yako iko juu. Kesho nitakupeleka mwenyewe kwa daktari. Unakula achari, ile yenye chumvi nyingi?"

"Kidogo."

"Mama!" alisema Awatef. "Anamaliza chupa nzima!"

Bibi Ratiba alimtazama mkwe wake kwa jicho kali. Kisha akashusha mabega, akavuta kiti karibu na muuguzi.

"Haya, Tasoni," alisema. "Niambie na mimi nile nini. Na sema kwa sauti, masikio yangu yamechoka, na wale wa nyuma nao wasikie."